Siku Gredi ya Nane Ilipokataa Kuitika

Kila siku, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mimi huita majina.

Naweka kikombe changu cha chai ya rangi kwenye ukingo wa dirisha, nafungua rejista, naanza. Wako arobaini na watatu. Nikifika wa mwisho, chai huwa imepoa kiasi cha kunyweka.

Jumatano ile nikaita, "Abdurahman."

Kimya.

Nikainua macho. Abdurahman yupo, dawati la mbele, ananitazama. Nikadhani hakunisikia. Sauti yangu ni ndogo. Tangu utotoni naambiwa nazungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto mchanga.

Nikarudia. Kimya.

"Chome."

Kimya.

"Mwanatumu."

Mwanatumu huyu ni yule ambaye hata ukimwita mwenzake, yeye huitika. Siku hiyo alikaza midomo akatazama kucha zake.

"Mmekula nini leo?" nikajaribu mzaha.

Hakuna aliyecheka. Juu ya bati kunguru wawili walikuwa wakigombana, na sauti yao ndiyo pekee iliyosikika darasani.

Niliita majina yote arobaini na matatu. Hakuna aliyeitika hata mmoja. Nikaifunga rejista bila kuweka alama hata moja, kwa sababu nilijua kimya kile kilihusu nini.

Au nilidhani najua.

Naitwa Muhsina. Ni mwalimu mwanagenzi, nafundisha sayansi katika shule moja ya upande wa Msambweni. Jina la shule nalihifadhi, na la msitu pia. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja. Unaisha Desemba, na ripoti ya Mwalimu Mkuu ndiyo itakayoamua kama nitaendelea au nitarudi nyumbani kukunja nguo za watu. Shikilia hilo, maana ndilo lililoniziba mdomo.

Mambo yalianza Jumatatu.

Tulikuwa na somo la mimea. Nikasema moyoni, hawa watoto wanaishi kilomita nne kutoka kwenye kaya, msitu uliotunzwa tangu enzi za mababu zao, halafu mimi nawachorea jani ubaoni kwa chaki! Nikaomba ruhusa tuwapeleke kwa miguu. Niliomba kwa wiki tatu kabla ya kukubaliwa. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Kibwana, si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka.

"Muhsina," aliniambia, "mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Sitaki makubwa. Ukiwatoa arobaini na watatu, nirudishie arobaini na watatu, na nisisikie neno."

"Hutasikia, mwalimu. Inshallah."

Usiku wa kuamkia Jumatatu hiyo sikulala. Alfajiri nilikuwa nakata mikate na kujaza maji kwenye madumu. Saa tatu tukatoka, tukapita katikati ya mikorosho, jua likiwa limeshaanza kuuma. Kufikia kilomita ya pili nilikuwa nimeshasema "shikeni mstari" mara mia, na kasauti kangu kameisha.

Langoni alitupokea Bi Twaiba. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, anayewatembeza wageni msituni na kuulinda pia. Kaniki nyeusi kiunoni, simu imefungwa pindoni, ulimi mkali kama kikwakwa cha kukatia nyasi.

"Shikamoo, Bi!" darasa zima.

"Marahaba, wanangu. Vueni viatu. Fungeni vitambaa vyeusi hivi kiunoni, kila mtu na chake. Sasa sikilizeni. Humu ndani hakuna kuchukua. Jani, jiwe, ubawa, hata kijiti cha kuchokolea meno. Umeingia na mikono miwili mitupu, utoke na mikono miwili mitupu."

Tofiki, ambaye ndiye mshenga wa kila fujo darasani, akanyoosha mkono. "Bi, na mbu akinifuata hadi nyumbani?"

"Huyo ni wako. Umeshamlipa damu."

Walicheka hadi mbega juu ya miti wakahama.

Nisikudanganye, yale masaa mawili yalikuwa mazuri kuliko muhula mzima. Bi Twaiba aliwawekesha masikio kwenye shina la mti, akawaambia wanyamaze hadi wasikie kitu. Kila mmoja akasikia chake. Aliwaonyesha gamba la mti wa kutuliza homa, na mzizi uliopasua jiwe la matumbawe. Wakachora. Watoto ambao darasani huandika jina lao kwa kubembelezwa, waliinama chini wakachora siafu!

Karibu na mwisho wa njia alisimama, akapunguza sauti.

"Mwaona haya?"

Yalikuwa maua matatu ya manjano, madogo, yamechomoza ubavuni mwa jiwe. Ndani ya kila ua kulikuwa na michirizi myekundu myembamba kama uzi.

"Mwaka jana lilitoka moja. Mwaka juzi halikutoka. Mwaka huu matatu. Basi yatazameni, mkawasimulie wazee wenu."

Tukatazama, tukachora, tukaondoka.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Miguu inaniwaka, kichwa kinagonga. Mbele yangu kidogo alikuwa Mapenzi, msichana wa kutoka Taru. Alihamia kwetu muhula uliopita, anaishi na shangazi yake. Mpole, mzito wa kusema, na wenzake walikuwa hawajamaliza kumzoea. Alikuwa amechomwa na mwiba, amesimama kwa mguu mmoja anautoa.

Nikainama kuokota kalamu iliyoniponyoka.

Ua lilikuwa pale, kimo cha mkono.

Chuoni nilikausha mimea zaidi ya mia mbili. Unakata kwenye kikonyo, unalaza kati ya kurasa, unafunga daftari. Miaka mitatu mkono umefanya hivyo. Mkono wangu haukuomba ruhusa. Nilisikia tu "tk", kama uzi unavyokatika, na daftari likafungwa.

Nikasimama. Mapenzi alikuwa bado ameinamia unyayo wake.

Nikasema, nirudishe? Lakini ua lililokatwa unalirudisha vipi? Nikasema, nitamwambia Bi Twaiba langoni. Tulipofika langoni alikuwa akiagana na watoto, anawashika vichwa mmoja mmoja, amefurahi. Nikashindwa. Nikasema, nitampigia simu jioni.

Jioni sikupiga.

Jumanne mchana Bi Twaiba akaja mwenyewe shuleni. Alikuja kwa miguu, kilomita nne, na vumbi limempanda hadi magotini.

"Mwalimu Kibwana, baada ya watoto wako niliingiza wageni wawili tu, na sikuwaacha nyuma hata hatua moja. Maua niliyaacha matatu, nikakuta mawili. Kikonyo bado kilikuwa kinatoa utomvu."

"Astaghfirullah!" Mwalimu Mkuu akashika kichwa. "Tufanyeje, Bi?"

"Kwetu kilichotoka hurudishwa na mkono uliokitoa, pamoja na kuku mweusi. Si wa mwalimu, si wa mzazi. Mkono ule ule. Na mpaka kirudi, hakuna shule itakayoingia. Si mimi niliyeamua, ni kaya."

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, daftari limo mkobani, mkoba uko mapajani.

Nilifungua kinywa. Naapa nilifungua. Mwalimu Mkuu akadhani nataka kuomba radhi kwa niaba ya watoto, akanikata: "Usijali, Muhsina, mwizi tutampata." Lile neno mwizi likanirudisha kitini.

Jioni, kwenye paredi, akatangaza: "Kesho nitaingia Gredi ya Nane niulize mmoja mmoja, kwa jina. Na atakayepatikana ataenda nyumbani."

Sasa umeelewa ile asubuhi ya Jumatano.

Saa tatu Mwalimu Mkuu akaingia na kiboko kwapani. Hakitumii siku hizi, sheria haimruhusu, ila hawezi kuzungumza bila kukishika.

"Abdurahman. Ni wewe uliyechukua ua?"

Kimya.

"Chome, ni wewe? Sema ndiyo au la."

Kimya.

Alipofika jina la kumi jasho lilikuwa linamtoka. "Mmekuwa mabubu? Mwanatumu! Wewe? Mwanatumu, mwanangu, hata wewe?"

Mwanatumu machozi yalimlenga, lakini mdomo haukufunguka.

Akanigeukia mimi.

"Mwalimu Muhsina, nani alikuwa wa mwisho kwenye mstari?"

Darasa zima likanitazama.

Nikasema, "Mapenzi."

Nilisema kweli. Mapenzi ndiye mwanafunzi aliyekuwa wa mwisho. Nyuma yake nilikuwa mimi, lakini hilo sikuulizwa. Ndivyo nilivyojiambia.

"Mapenzi, simama. Ulichukua?"

Akasimama. Hakukana. Hakukubali. Alinitazama kwa muda mfupi tu, si kwa hasira, kama mtu anayehakikisha kitu. Kisha akainama, akaanza kuingiza vitabu kwenye begi. Zipu ya begi lake ni mbovu. Aliivuta ikakwama, akaivuta tena. Ile sauti ya zipu naisikia hadi leo.

"Usirudi bila mlezi wako," Mwalimu Mkuu akasema.

Akatoka. Nikamtazama Mapenzi akivuka uwanja, amejibebesha begi kifuani kwa sababu halifungiki, mpaka akapotelea kwenye mikorosho.

Chai yangu ilikuwa bado dirishani, imejaa vile vile. Nikaimwaga nje.

Siku hiyo nilifundisha vipindi vitano. Sikumbuki hata kimoja. Kuna uchovu wa mwili, ukilala unaisha. Huu mwingine ukilala nao, unaamka nao, na unakukuta umekaa ukingoni mwa kitanda unatazama ukuta.

Alhamisi asubuhi, kabla sijaita majina, nikaitwa ofisini.

Bi Twaiba yupo. Mwalimu Mkuu yupo. Mapenzi amesimama pembeni. Na kwenye kiti cha wageni amekaa mwanamke aliyevaa sare ya hoteli, viatu vimelowa sabuni, macho mekundu. Huyo ndiye shangazi yake, Mercy. Anafua mashuka katika hoteli moja huko Diani, na alikuwa ametoka zamu ya usiku, hajafika hata nyumbani.

Kwapani alikuwa amebana kuku mweusi.

"Nimetafuta mpaka Ukunda," akasema, anazungumza na Bi Twaiba lakini hamtazami. "Weusi wote walikuwa na madoadoa. Huyu hana hata doa. Naomba mmpokee. Huyu mtoto nimeletewa nimlee, si mwizi. Sijui kimemwingia nini. Akifukuzwa hapa, nitamwambia nini kaka yangu?"

"Mama, hujafukuziwa mtoto," Bi Twaiba akasema taratibu. "Haya, mwanangu. Lete ua twende."

Mapenzi akatazama chini. "Nimelipoteza."

"Umelipoteza wapi?"

"Njiani."

"Njia ipi?"

Kuku akakukurika, Mercy akambana, na nikaona mkono wake umechubuka kwa dawa ya kufulia, ngozi imebabuka katikati ya vidole.

Basi.

Sikuamua lolote. Nisijipambe. Niliufungua mkoba tu, nikatoa daftari, nikaliweka mezani, nikalifungua. Ua lilikuwa limelala pale, bapa, manjano yake yamefifia, michirizi bado inaonekana.

"Muhsina!" Mwalimu Mkuu akasema. Ni hilo tu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikata bila kufikiri, ni mazoea ya chuoni. Halafu nikasahau. Nimelikuta leo asubuhi."

Wakaamini. Uso wa Mwalimu Mkuu ulilegea. "Ah, basi ni bahati mbaya. Mtu husahau." Bi Twaiba alinitazama kidogo zaidi ya wenzake, kisha akasema, "Aliyesahau naye hurudisha."

Mercy alianza kucheka na kulia kwa pamoja. "Wallahi nimezunguka kutafuta kuku tangu alfajiri kwa kosa la mwalimu!"

Nikamwomba radhi. Nikamwambia kuku wake aende naye nyumbani, wangu nitamtafuta. Akasema, "Mtafute mapema, mwalimu. Weusi tupu hawapatikani." Na kweli, nilimpata saa sita kwa mama mmoja nyuma ya zahanati, na alinidonoa njia nzima.

Nilitaka kwenda peke yangu. Bi Twaiba akakataa.

"Waje na watoto. Si ulitaka wajifunze? Waliona kinavyotoka, waone kinavyorudi."

Mchana huo tukarudi ile njia, sote arobaini na wanne. Hakukuwa na haja ya kusema shikeni mstari.

Nilivua viatu. Nikapiga magoti mbele ya lile jiwe, nikalaza ua chini ya kikonyo chake, ambacho kilikuwa kimeshanyauka. Bi Twaiba alisema maneno yake kwa sauti ya chini. Mengine sikuyaelewa, mengine si yangu kuyasimulia. Kisha akaniambia:

"Sema mbele yao ulichofanya."

"Nilikata ua," nikasema. "Nikasahau kulisema."

Bi Twaiba akangoja, kana kwamba kulikuwa na zaidi. Nilipokaa kimya akatikisa kichwa, tukatoka.

Kurudi, Mapenzi alitembea kando yangu. Mguu wake ulikuwa umepona.

"Mapenzi," nikasema, "mbona hukusema si wewe?"

Akawatazama wenzake mbele. "Tulikubaliana."

"Mlikubaliana nini? Na nani?"

"Darasa lote. Jumanne, baada ya paredi. Walinizunguka wakaniambia, Mapenzi wewe ndiwe ulikuwa nyuma, tuambie. Nikalia, nikawaambia nilichoona."

"Uliona nini?"

"Nilikuona, mwalimu."

Miguu yangu iliendelea kutembea. Mimi nilikuwa nimesimama.

Tofiki alikuwa ametusikia, akageuka akawa anatembea kinyumenyume. "Mwanzo tulitaka tuseme wote 'si mimi', mwalimu. Nikawaambia hapo mtachoma, mtaharibu kila kitu. Hebu hesabuni. Tukisema si mimi, si mimi, mpaka arobaini na watatu, atabaki nani? Atabaki mwalimu! Mwalimu Mkuu si mjinga. Kwa hiyo nikasema dawa ni moja. Hakuna kujibu. Hata rejista, maana Mwanatumu akianza kujibu hajui kusimama."

"Ni kweli," Mwanatumu akasema. "Sijui."

"Lakini kwa nini?" nikauliza.

Wakatazamana. Mwishowe Mapenzi ndiye aliyejibu, polepole, kama anavyojibu kila kitu.

"Walisema kabla yako walikaa mihula miwili bila mwalimu wa sayansi. Tuliogopa ukifukuzwa."

Mimi nilikuwa nimemtoa ili nibaki. Wao walikuwa wamenyamaza ili nibaki. Na katika siku zile mbili, kila nilipomtazama mtoto usoni na kudhani ananificha jambo, alikuwa ananificha jambo langu.

Naandika haya Jumapili. Ripoti ya Mwalimu Mkuu bado sijaiona, na baada ya nilichoenda kumwambia Ijumaa, sijui itasemaje. Nimechoka kuikisia.

Ila wewe unayesoma, kama ni mwalimu au mzazi, chukua hili kutoka kwangu. Utawapeleka watoto msituni, baharini, popote, uwaambie tazameni hiki, tazameni kile. Watatazama. Lakini watakapofika nyumbani, watakalokumbuka ni lile ulilofanya ulipodhani wamegeuka. Na ukikosea, usiwaachie wao mzigo wa kukuficha. Watoto watakubali kuubeba, na hapo ndipo aibu ilipo.

Alhamisi ile, pale njiani katikati ya mikorosho, nilisimama. Wakasimama wote. Nilijua yale maneno yakishatoka yatafika kwa Mwalimu Mkuu, ama kwa midomo yao ama kwa mguu wangu mwenyewe.

Nikamgeukia Mapenzi, nikasema kwa sauti ambayo hata wa mbele kabisa waliisikia:

"Sikusahau. Nilijua tangu Jumatatu, kila saa. Mwalimu Mkuu alipouliza nani alikuwa wa mwisho, nililitaja jina lako kwa sababu niliogopa kulitaja langu. Nilikuona ukihangaika na zipu, nikanyamaza. Hukukosa lolote, Mapenzi. Mimi ndiye niliyekukosea, na naomba unisamehe mbele ya wenzako, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipokutupa."